Jinsi ya kurekebisha toni ya monita za jukwaani bila kuharibu sauti ya ukumbini

Swali hili naulizwa kila mara na wanaoanza kukaa kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), na huwa linakuja hivihivi: mwimbaji kalalamika monita yake (spika inayomwelekea jukwaani ili ajisikie) inanguruma, nikampunguzia besi akafurahi, kugeuka ukumbini sauti yake imekuwa nyembamba, nikairudisha ukumbi ukakaa sawa, mwimbaji akaanza tena kunifanyia ishara za mikono, sasa nifanyeje? Halafu kuna la pili ambalo ni ndugu yake: mbona kila nikiongeza trebo ili ajisikie vizuri maiki inapiga mluzi?

Yote mawili yana mzizi mmoja. Kitufe ulichoshika kinagusa masikio ya watu wengi kuliko ulivyodhani. EQ ya chaneli (vitufe vya toni, yaani besi na trebo, kwenye njia ya maiki moja) inagusa ukumbi na kila monita iliyopelekewa chaneli hiyo, EQ ya kutokea monita inagusa kila kitu kilichomo ndani ya monita hiyo moja, na kuna njia ya tatu ambayo inagusa sauti ya mtu mmoja ndani ya monita peke yake. Ukishazitofautisha hizi tatu kazi inakuwa nyepesi kweli, na ndiyo maana hatua ya kwanza hapa chini nimeirefusha, usiiruke.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mikisa yenye oksi (njia za kupelekea sauti monita) za prifeda, neno nililolieleza hatua ya 1, vile vitufe vilivyoandikwa AUX au MON, angalau moja kwa kila monita unayotaka iwe na mchanganyiko wake.
- EQ ya kukaa kati ya oksi na monita. Kwenye analogi ni ile grafiki ya bendi 31 (vitelezi 31, kila kimoja na masafa yake), kwenye dijitali tayari imo ndani.
- Chaneli mbili tatu zisizotumika. Utaona baadaye kwa nini.
- Maiki zilezile zitakazotumika siku yenyewe. Kupima na maiki nyingine ni kupoteza muda, kila maiki ina tabia yake.
- Mtu wa kusimama kwenye maiki wakati wewe uko kwenye mikisa, au kama mikisa inaendeshwa kwa tableti basi panda jukwaani mwenyewe, ni bora zaidi.
- Wimbo mmoja unaoujua vizuri sana, besi yake na trebo yake unaijua hata usingizini.
- Tepu na kalamu.

Kama monita zako zina ampu ndani, zigeuze uangalie nyuma. Vile vitufe vidogo vya besi na trebo viweke katikati, na kama kuna swichi ya kuongeza besi izime. Nimeshaona mtu anahangaika saa nzima na EQ kumbe nyuma ya monita kuna swichi imebaki imewashwa tangu shughuli ya juzi.

Hatua kwa hatua

1. Jua oksi yako inachukua sauti sehemu gani.

Sauti ikiingia kwenye chaneli inapita geini (kitufe cha kukuza sauti inapoingia), kisha kichujio cha besi, kisha EQ, kisha feda (kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti), ndipo iende ukumbini. Oksi ya prifeda inachukua kabla ya feda, kwa hiyo ukipandisha au kushusha feda monita haibadiliki, na hiyo ndiyo tunayoitaka. Sasa watu wengi wanaishia hapo, wanasema oksi yangu ni prifeda basi monita zangu ziko huru na ukumbi. Haziko huru. Kwenye mikisa nyingi ndogo za analogi oksi inachukua kabla ya feda lakini BAADA ya EQ, maana yake kila unachokifanya kwenye EQ ya chaneli kinafika monita.

Usibahatishe, pima. Cheza ule wimbo kupitia chaneli moja, fungua oksi ya monita, halafu shusha feda ya chaneli mpaka chini kabisa. Monita ikiendelea kulia, ni prifeda. Ikinyamaza, ni postifeda, tafuta kitufe cha kubadilisha kilichoandikwa PRE, na kama hakuna basi tumia oksi nyingine. Baada ya hapo, feda ikiwa bado iko chini, zungusha trebo ya chaneli mpaka mwisho kisha irudishe. Toni ya monita ikibadilika, oksi yako iko baada ya EQ. Andika kwenye tepu ubandike, usije ukasahau.

Kwenye dijitali unachagua mwenyewe. Behringer X32 kwa mfano inakuruhusu kuchagua kwa kila chaneli kama ichukulie pale mwanzoni baada ya kichujio cha besi, au kabla ya EQ, au baada ya EQ, au kabla ya feda, au baada ya feda, na uchaguzi huo unakwenda kwa basi (njia za kutokea, oksi zikiwa miongoni mwake) mbilimbili. Mikisa nyingine majina yanatofautiana ila mambo ni yaleyale. Mimi kwa monita za sakafuni napenda kuchukulia kabla ya EQ na kabla ya kompresa (inayobana sauti ikipanda), ili nikiwa napamba sauti ya ukumbini mwimbaji asisikie chochote kinabadilika chini ya miguu yake.

Tahadhari: ukichagua kabla ya EQ, usishangae ukizungusha EQ ya chaneli na monita haijibu. Ndivyo ulivyoomba. Toni ya monita utaifanyia kwenye EQ ya kutokea, au kwa njia ya hatua ya 7.

2. Weka geini, halafu iache.

Mwimbaji aimbe kwa nguvu atakayoimba kweli, sio "cheki cheki" ya kunong'ona. Kwenye dijitali lenga wastani wa kama -18 kwenye mita, vilele vikipanda juu ya hapo hakuna shida ilimradi visifike sifuri. Kwenye analogi sauti icheze karibu na 0. Geini ndiyo kitufe kinachogusa watu wote kwa mpigo, ukumbi, kila monita, rekodi, kila kitu. Ukiipandisha 6 dB (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti) katikati ya wimbo umepandisha monita zote 6 dB na mluzi unakuja hapohapo. Ukishapanga monita, geini usiiguse tena, ukitaka sauti zaidi ukumbini tumia feda.

3. Panga monita na maiki kabla ya kugusa EQ.

Hapa ndipo nusu ya malalamiko ya toni yanapoisha, na hutumii hata kitufe kimoja. Trebo inatoka kwenye twita (ile spika ndogo ya sauti za juu) kama mwanga wa tochi, inakwenda inakoelekezwa, ila besi inasambaa kila upande. Kwa hiyo monita ikiwa inaangalia magoti ya mwimbaji, yeye anapata besi yote na trebo kidogo sana, analalamika "imeziba", wewe unaongeza trebo, trebo inagonga ukuta wa nyuma inarudi kwenye maiki, mluzi. Piga goti au simama pale kichwa chake kitakapokuwa, angalia kama unaiona twita uso kwa uso. Kama huioni, inua monita mbele au isogeze.

Halafu tazama aina ya maiki. Ya kadioidi ina uziwi wake (upande isiosikia vizuri) nyuma kabisa, kwa hiyo monita ikae moja kwa moja nyuma ya maiki, mbele ya mwimbaji. Ya supakadioidi haina uziwi pale nyuma kabisa, uziwi wake uko pembeni nyuma, kama digrii 126 kutoka mbele, hivyo ivute monita upande mmoja, au kama ziko mbili ziweke kushoto na kulia. Ukikosea hapa unampa maiki monita mdomoni.

Na umbali: ukipunguza umbali kati ya monita na kichwa kwa nusu, unapata kama 6 dB za bure, wakati kuzipata kwa ampu kunataka nguvu mara nne.

4. Rekebisha monita yenyewe kwanza, bila maiki.

Zima spika za ukumbini. EQ yote ya kutokea iweke sawa. Cheza ule wimbo wako kwenye monita, usikilize ukiwa pale mwimbaji atakaposimama, sio ukiwa kwenye mikisa. Kata kila kitu chini ya 80 au 100 Hz (Hz ndogo ni besi, kubwa ni trebo) kama ni monita ya sauti za waimbaji, hakuna anayehitaji besi ile pale, na besi ya spika za ukumbini itazunguka na kuwafikia tu. Kisha sikiliza kati ya 200 na 315 Hz. Monita ikilala sakafuni sehemu hiyo inavimba karibu kila mara, punguza 2 mpaka 4 dB usikie kama wimbo umefunguka. Ukimaliza hapo toni ya msingi unayo.

Usiongeze kitu chochote kwenye hatua hii. Ni kupunguza tu. Kila masafa unayoyainua kwenye EQ ya monita umeyasogeza karibu na mluzi, na unachokitafuta kwa kuongeza trebo mara nyingi unakipata kwa kutoa ile takataka ya chini.

5. Tafuta mluzi kwa makusudi.

Hii wengine wanaogopa lakini ni kazi ya dakika tano. Vaa viziba masikio, na asiwepo mtu karibu na monita.

Fungua maiki moja, usemee kwa sauti ya kawaida, pandisha oksi taratibu mpaka uanze kusikia mkia unavuma baada ya maneno. Usingoje ilie kabisa, ule mkia unatosha. Tambua ni masafa gani, shusha bendi hiyo 3 dB, pandisha oksi tena kidogo, subiri mkia wa pili. Ukifika mikia mitatu au minne simama. Ukiendelea mpaka kumi utakuwa umeichimba monita mashimo, haina toni tena, na mwimbaji ataomba sauti zaidi kwa sababu kilichobaki hakieleweki, na wewe utapandisha, na utarudi palepale kwenye mluzi.

Kutambua masafa ndiko kunakowatesa wanaoanza. Programu ya simu inayoonyesha masafa inasaidia, kile kijiti kinachosimama peke yake ndicho mwizi. Lakini kuna njia ya mdomo na sisi tunaoongea Kiswahili tuna bahati nayo maana irabu zetu ni tano na ni safi. Mluzi ukifanana na "uuu" tafuta karibu na 200 hadi 400 Hz. "Ooo" ni kama 400 hadi 600. "Aaa" ni karibu na 1 kHz. "Eee" ni 2 kHz na kidogo zaidi. "Iii" ni kuanzia kama 2.6 mpaka 4 kHz. Ukisikia "sss" ujue uko juu ya 5. Sio kipimo cha maabara ila kitakupeleka kwenye bendi sahihi au jirani yake. Fanya zoezi nyumbani kwa hedifoni wiki mbili, masikio yanashika.

Kama unatumia parametriki (EQ ambayo masafa na upana unachagua mwenyewe) badala ya grafiki, weka upana mwembamba kwa mluzi, na upana mpana kwa toni. Wengi wanafanya kinyume chake.

Kitu kimoja cha X32 ambacho huwa kinauliziwa: kila basi ina EQ ya parametriki ya bendi 6 bila gharama yoyote, ila ile grafiki ya bendi 31 inakula nafasi ya efekti, nazo ziko 8 tu. Anza na zile bendi 6, mara nyingi zinatosha.

6. Mlete mwimbaji, na uelewe lugha yake.

Mwimbaji hatakuambia "nipunguzie 250". Atasema neno lake na wewe ndiye mkalimani. Hivi ndivyo mimi ninavyotafsiri:

"Inanguruma" au "inavuma" ni 100 hadi 250 Hz, na mara nyingi ni kwa sababu anaimba mdomo umegusa maiki, maiki za kadioidi na supakadioidi zinaongeza besi mtu akisogea karibu. Kichujio cha besi kipandishe mpaka 120, hata 150 kwa sauti ya kike ya juu.

"Imeziba" au "kama niko ndani ya ndoo" ni 250 hadi 500 Hz, punguza hapo kabla hujafikiria trebo.

"Inapita puani" ni 800 Hz mpaka 1.2 kHz.

"Sisikii maneno" ndio pekee ambapo huwa nakubali kuongeza, 2 dB hivi kati ya 2 na 4 kHz, tena baada ya kujaribu kupunguza chini kwanza.

"Inachoma" ni 2.5 hadi 4 kHz. "Sisisi zinakata" ni 5 hadi 8.

"Nyembamba" maana yake umekata chini kupita kiasi, rudisha.

"Sijisikii" sio toni kabisa wakati mwingine, ni kinanda kimemfunika, nenda hatua ya 8.

Kumbuka pia mwimbaji anajisikia kupitia mifupa ya kichwa chake mwenyewe, na njia hiyo inampa besi nyingi. Ndiyo maana monita ambayo wewe ukisimama pale unaiona kama imekonda, yeye anaiona iko sawa kabisa. Ukimpa besi ileile nzuri unayoisikia kwenye hedifoni zako, kwake inakuwa tope. Usibishane naye kuhusu anachosikia, masikio ni yake.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, umwambie umebadilisha, aimbe tena mstari uleule. Ukigusa vitatu kwa pamoja hamtajua kipi kimesaidia.

7. Ukitaka toni mbili kwa maiki moja, igawe chaneli.

Hili ndilo jibu la lile swali la mwanzo. Una maiki moja, lakini ukumbini unataka inenepe na kwenye monita unataka ikate, na oksi yako iko baada ya EQ. Ipeleke maiki hiyo kwenye chaneli mbili. Kwenye dijitali ni kuchagua tu kwamba chaneli ya 17 ichukue ingizo la 1. Kwenye analogi tumia kebo ya Y, moja inatoka kwenye maiki na vichwa viwili vinaingia mikisa.

Chaneli ya kwanza iende ukumbini, oksi zake za monita zifunge kabisa. Chaneli ya pili iende monita tu, iondoe kwenye mkondo wa ukumbi, na kwenye hiyo sasa fanya EQ unavyotaka kwa ajili ya mwimbaji. Ukumbi hautajua.

Tahadhari hapa ni tatu. Kwanza, usisahau kufunga oksi za chaneli ya kwanza, la sivyo sauti inaingia monita mara mbili, inapanda kama 6 dB na mluzi unakuruka usoni. Pili, kwenye dijitali geini bado ni moja kwa chaneli zote mbili, kwa hiyo sheria ya hatua ya 2 iko palepale. Tatu, kwa kebo ya Y kama maiki inahitaji umeme wa 48V uwashe kutoka chaneli moja tu pale mikisa inaporuhusu kuwasha kila chaneli peke yake.

Huna haja ya kugawa kila kitu. Mwimbaji mkuu, labda na gitaa la akustiki, inatosha.

8. Punguza wengine kabla ya kuongeza mmoja.

Kila anayeomba "zaidi" angalia kwanza ndani ya monita yake kuna nini. Kinanda na gitaa vinakaa palepale 200 Hz mpaka 3 kHz ambapo sauti ya mtu inakaa. Shusha kinanda 3 dB kwenye monita yake, asilimia kubwa ya maombi inaishia hapo. Mwimbaji anahitaji sauti yake, kitu kimoja cha kumshikia ufunguo wa wimbo, na kitu kimoja cha kumshikia mapigo. Akiwa na vitu nane kwenye monita moja hakuna EQ itakayomsaidia.

Na maiki zisizotumika zizime. Kila maiki zilizo wazi zikiongezeka mara mbili unapoteza kama 3 dB za nafasi yako kabla ya mluzi, maiki nane wazi ni mbali sana na maiki mbili.

9. Washa ukumbi, bendi nzima ipige.

Sasa toni itabadilika, jiandae. Besi ya spika za ukumbini inaingia jukwaani na monita zote zitaonekana zimenenepa ghafla. Usirudi kuanza upya, punguza tu kidogo zaidi kwenye 125 hadi 250 Hz za kutokea monita, au pandisha kichujio. Watu wakijaa ukumbini mwangwi unapungua kwa sababu miili inanyonya sauti, jukwaa linakuwa kavu zaidi, na hapo baadhi ya ulichokikata unaweza kukirudisha kidogo. Ile bendi ya tatu uliyoishusha 6 dB kwa hofu mchana, ijaribu kuirudisha 2.

10. Hifadhi.

Dijitali hifadhi mpangilio kwa jina na tarehe. Analogi piga picha ya mikisa na ya grafiki, kila safu, kwa karibu, taa ikiwa inatosha kuonyesha alama za vitufe.

Kuhusu sauti kubwa na monita za masikioni

Monita ikipigwa juu sana sikio lenyewe linabadilisha toni, besi na trebo zinaonekana zimeongezeka, na likichoka linaacha kuisikia ile 3 kHz vizuri, kwa hiyo mtu anaomba trebo zaidi wakati trebo ndiyo inayomuumiza. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, wanaweka mpaka wa 85 dBA kwa saa 8, na kila ukiongeza 3 dB muda unakatwa nusu, ukifika 100 dBA umebakiwa na dakika 15. Jukwaa lenye ngoma na monita nne linafika hapo kirahisi sana. Nalisema hili kwa uzito wake maana masikio yakiharibika hayarudi, ya kwako na ya waimbaji wako.

Wakitumia monita za masikioni, EQ ya monita ya sakafuni usiikopi. Pale hakuna mluzi wa kukata, yale mashimo yote hayana kazi. Anza na EQ sawa, weka limita ili kishindo cha maiki kuanguka kisifike sikioni, na uweke maiki moja inayosikiliza ukumbi, la sivyo watajiona wamefungiwa kabatini na watatoa kisikio kimoja.

Ikigoma

*Mluzi unatokea mwimbaji huyu tu akishika maiki.* Mtazame mkono. Akifumbata kichwa cha maiki anaziba yale matundu ya nyuma, maiki inapoteza uziwi wake na inaanza kusikia kila upande pamoja na monita. Mwombe kwa heshima ashike mpini. EQ haitibu hili.

*Monita mbili mbele ya mtu mmoja, akisimama katikati besi inapotea, akisogea pembeni inarudi.* Moja ina waya uliogeuzwa polariti (chanya na hasi zimebadilishana). Badilisha kebo moja moja mpaka uipate.

*Mita ziko juu, watu wanasema hawasikii kitu.* Zima EQ ya kutokea kwa kitufe chake sekunde mbili, sauti ikiwa chini kwanza. Ikiwa bila EQ ni bora, umekata kupita kiasi, rudi hatua ya 4.

*Monita ilikuwa nzuri, ghafla toni imebadilika na hakuna aliyegusa monita.* Mtu kagusa EQ ya chaneli, na oksi yako iko baada ya EQ. Au kuna oksi moja iliyobaki postifeda na wewe umesukuma feda.

*Mwimbaji akinyamaza monita inaanza kuvuma, akiimba inatulia.* Hiyo ni kompresa. Akiimba inabana, akinyamaza inaachia na sauti inapanda mpaka mluzi. Ondoa kompresa kwenye njia ya monita, na kama haiondoki gawa chaneli.

*Gitaa la akustiki linavuma noti moja tu.* Kwa kawaida iko kati ya 100 na 250 Hz, ni mwili wa gitaa unaitikia monita. Kata masafa hayo kwa upana mwembamba kwenye chaneli yake, jaribu kitufe cha polariti, na kile kifuniko cha mpira cha kuziba tundu la gitaa kinasaidia kuliko EQ yoyote.

*Anataka mwangwi kwenye monita.* Mpe, wengine wanaimba vizuri zaidi nao, ila upeleke kutoka kwenye marejeo ya efekti (njia inayorudisha mwangwi kwenye mikisa) kwenda oksi yake, kidogo, na uukate chini ya 200 Hz. Ukiona mkia wa mwangwi unajizungusha na kukua wenyewe, angalia kama marejeo hayo hayajapelekwa pia kwenye oksi inayolisha efekti hiyohiyo. Hilo kosa nimelikuta mara nyingi kuliko makosa yote ya mwangwi, na watu huwa wanaanza kukata EQ ya monita wakati tatizo ni kitufe kimoja kilichofunguliwa kwenye safu ya pili.